Umeme Unavyonyamazisha Maumivu ya Mgongo

Pingili za uti wa mgongo zimeunganishwa kwa viungio vidogo upande wa nyuma. Kiungio kikisagika, neva nyembamba inayokihudumia hupeleka taarifa hadi kwenye ubongo, na hapo ndipo mtu husikia maumivu. Neva hiyo ikikatika, taarifa haifiki. Tiba ya kuunguza neva kwa umeme wa masafa ya redio imejengwa juu ya ukweli huo.

Umeme wa majumbani kwetu hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Huu wa tiba hufanya kama 500,000. Kwa kasi hiyo misuli haiwahi kushtuka, lakini chembe za chumvi zilizomo katika maji ya mwili hutikisika, zikasuguana, na msuguano ukazaa joto. Sindano imefunikwa isipokuwa nchani, hivyo umeme hujibana hapo. Kisha umeme hutoka mwilini kupitia kibandiko kipana kilichowekwa pajani, ambako umetawanyika na hauunguzi. Nchani joto hufika nyuzi 80 hivi za Selsiasi kwa dakika moja au zaidi kidogo, na sehemu inayoungua ni milimita chache tu.

Kabla ya tiba yenyewe, daktari hutia ganzi kwenye neva inayoshukiwa. Maumivu yakipungua sana kwa saa chache, mkosaji amepatikana. Mweleze mapema kama una ujauzito, kifaa cha moyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Siku ya tiba utalala kifudifudi, kwa kawaida ukiwa macho, huku eksirei ikiongoza sindano. Kabla ya kuunguza, daktari hupitisha umeme mdogo na kukuuliza unasikia wapi. Mguu ukirukaruka au maumivu yakishuka mguuni, sema papo hapo: sindano iko karibu mno na neva ya mguu, na itasogezwa.

Utarudi nyumbani siku hiyohiyo, ila usiendeshe gari. Mgongo unaweza kuuma zaidi kwa wiki moja au mbili, na nafuu kamili ikachukua wiki tatu. Lakini homa, mguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo si mambo ya kusubiri: rudi hospitali mara moja.

Neva huota tena, mara nyingi baada ya miezi 6 hadi 12 au zaidi, na kiungio kilichosagika kimebaki vilevile. Basi itumie miezi hiyo ya nafuu kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya mgongo na tumbo.