KWA NINI DAWA HAIUI TENA VIWAVI WA KABICHI?

Ulipoanza kupiga dawa kwenye kabichi zako, viwavi walikufa. Siku hizi unapiga kila wiki, fedha inakwisha, na majani bado yana matundu. Je, dawa ni mbovu? Huenda. Lakini mara nyingi sababu ni usugu wa wadudu.

Usugu ni nini? Kiwavi hazoei dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Ila, katika viwavi wengi, wachache wamezaliwa na nguvu ya kuishinda dawa. Tukipiga, wanyonge wanakufa, wasugu wanabaki. Hao wanageuka nondo, wanataga mayai, na watoto wanarithi usugu wa wazazi. Tukirudia dawa ileile, mwisho shamba zima linakuwa la wasugu. Jambo hili si geni. Mwaka 1953 ilitolewa taarifa kutoka kisiwa cha Java, Indonesia, kwamba viwavi wa kabichi hawafi tena kwa DDT.

Hasara ya pili ni hii: dawa nyingi huua pia askari wetu wa shambani, kama buibui na nyigu wadogo. Nyigu hawa hawaumi watu. Nyigu hutaga yai ndani ya kiwavi. Funza wake akitoka, anamla kiwavi kwa ndani. Basi tukiua nyigu, viwavi wasugu wanazaana bila adui.

Wenzetu wa Kenya wameona faida ya nyigu. Mwaka 2002 wataalamu waliachia nyigu wa namna hiyo, walioletwa kutoka Taiwan, katika vilima vya Taita. Nyigu waliongezeka, viwavi wakapungua.

Basi, tufanye nini?

1. Tukague kabichi kabla ya kupiga. Viwavi wakiwa wachache, tusipige.
2. Tusizidishe kipimo. Kuzidisha hakuondoi usugu, na kunaweza kutudhuru sisi na walaji.
3. Tubadilishe aina ya dawa, siyo jina tu. Dawa mbili zenye majina tofauti zaweza kuwa za aina moja. Tumwulize bwana shamba.
4. Tumwulize pia dawa inayoua viwavi bila kuua nyigu.
5. Tukishavuna, tung'oe mashina, maana viwavi huendelea kuzaliana humo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Wasugu wanatoka wapi?
2. Katika shamba lako, umewaona askari gani?