Simu ya milioni 3 kwa biashara ya mtandaoni: piga hesabu hizi 4 kabla hujatoa hela



Leo tuongelee swali ambalo naulizwa kaunta karibu kila wiki na watu wanaouza nguo, viatu, keki na vipodozi mtandaoni: "Bosi, nikichukua Samsung Ultra au iPhone macho matatu, mauzo yatapanda?"

Kwanza nikuambie ukweli wangu. Mimi nauza simu. Nikikuuzia ya milioni 3 faida yangu ni kubwa kuliko nikikuuzia ya laki 7. Kwa hiyo somo hili linanipunguzia hela mfukoni. Lakini nimeona watu wengi wanatoka dukani na simu kali, halafu baada ya mwezi mmoja wanaposti bidhaa zilezile tano kwa sababu mtaji wa kuongeza mzigo haupo tena. Mteja aliyekata mtaji hanirudii, hata kununua kava.

Elimu yangu ni ya kidato cha nne na hesabu hizi nimejifunzia kaunta, kwa hiyo usiogope, ni kujumlisha na kugawanya tu. Chukua daftari twende sawa.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Unauza madera mtandaoni. Dera unalinunua sh 17,000, unaliuza sh 25,000. Ukitoa mfuko, bando na nauli ya kufuata mzigo, tuseme sh 2,000, faida yako halisi kwa dera moja ni sh 6,000. Simu ya daraja la juu ni sh 3,000,000. Simu ya kati ambayo ni nzuri tu ni sh 700,000. Wewe badilisha namba uweke za kwako.

HESABU YA 1: SIMU INAKULA SHILINGI NGAPI KWA MWEZI?

Watu wengi wanaangalia bei ya kununua tu. Bei ya kweli ya simu ni ile uliyonunulia, utoe ile utakayouzia ukiichoka, ugawanye kwa miezi uliyoitumia.

Simu ya milioni 3 ukiitumia miaka miwili ukaiuza milioni 1.6, umepoteza sh 1,400,000. Gawanya kwa miezi 24 unapata kama sh 58,300 kwa mwezi.

Simu ya laki 7 ukiitumia miaka miwili ukaiuza laki 2 na nusu, umepoteza sh 450,000. Gawanya kwa 24 ni sh 18,750 kwa mwezi.

Tofauti yake ni kama sh 39,600 kwa mwezi. Kwa faida ya sh 6,000, hayo ni madera 7 ya ziada. Yaani simu kali ikikuletea wateja 7 zaidi kila mwezi, imejilipa.

Hapo unaona kumbe sio mbaya! Na ndio maana wauza simu wenzangu wanapenda kuishia hapa. Sisi tunaendelea.

HESABU YA 2: HIYO HELA INGEKUWA MZIGO INGEZAA NGAPI?

Tofauti ya bei kati ya simu hizo mbili ni sh 2,300,000. Hiyo hela huitoi kidogo kidogo kila mwezi. Unaitoa leo, yote, kwa mkupuo.

Gawanya 2,300,000 kwa 17,000. Ni madera 135. Ukiyauza yote ndani ya mwezi, faida ni 135 mara 6,000, sawa na sh 810,000. Na mtaji umerudi mkononi, mwezi unaofuata unauzungusha tena.

Sasa linganisha. Hesabu ya kwanza inasema simu kali inakugharimu sh 39,600 zaidi kwa mwezi. Hesabu ya pili inasema inaweza kukukosesha faida ya sh 810,000 kwa mwezi. Zote mbili ni za kweli. Simu kali haikuumizi sana kwa bei yake, inakuumiza kwa kukaa kwenye nafasi ya mzigo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza sio "je, ni ghali?" Jiulize "nikitoa hii hela, mzigo unapungua?" Mwenye mtaji wa milioni 3, tofauti hiyo ni zaidi ya robo tatu ya biashara yake yote. Mwenye mtaji wa milioni 12, ni chini ya moja ya tano. Simu ni ileile, lakini kwa mmoja ni kifaa cha kazi na kwa mwingine ni kaburi la mtaji.

Angalizo: hesabu hii ni kwa mtu ambaye mzigo wake unatoka. Kama madera yanalala ndani kwa sababu picha zako hazieleweki, kuongeza madera 135 hakutakusaidia. Kwako wewe tatizo linaweza kuwa ni picha kweli. Nenda hesabu ya tatu.

HESABU YA 3: MTEJA WAKO ANAONA PIKSELI NGAPI?

Hapa ndipo wengi wanapigwa na namba za kwenye boksi.

Samsung Galaxy S24 Ultra ina kamera kuu ya megapikseli 200. Namba ya kweli kabisa. Lakini ukipiga picha kawaida bila kubadilisha chochote, simu inaunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12.

Halafu unaiposti Instagram. Instagram inaipunguza mpaka upana wa pikseli 1080. Picha ya wima ya 1080 kwa 1350 ukizidisha unapata kama milioni 1 na nusu, yaani megapikseli 1.5. Hiyo ndiyo mteja anaiona, kwenye simu yake ambayo pengine ni ya laki 2 na kioo kina ufa. WhatsApp nayo inaibana picha yako, hata ukichagua kutuma kwa HD bado sio ile ya mwanzo.

Sisemi kamera zote ni sawa. Simu za daraja la juu zinashinda kwa mambo ya kweli: kupiga penye mwanga hafifu, video isiyotikisika ukiwa unatembea, rangi ya ngozi kwenye video, na kuvuta kitu cha mbali bila kuharibika. Kama unapiga picha mchana karibu na dirisha, bidhaa imetulia mezani, faida hizo zote huzitumii.

Fanya jaribio hili kabla ya kulipa, na muuzaji mwenye nia njema hatakukatalia. Nenda dukani na bidhaa yako halisi. Kama unauza nguo beba nyeusi moja na yenye maua mengi moja, maana hizo ndizo zinasumbua kamera. Piga kwa simu kali, piga kwa simu ya kati, sehemu ileile, mwanga uleule. Zitume zote WhatsApp kwa rafiki mwenye simu ya kawaida. Muulize ipi nzuri, bila kumwambia ipi ni ipi.

Kuna dada anauza madera alikuja kwangu na hela kamili ya simu kali. Tulifanya jaribio hilo, tukatuma picha kwa watu watatu. Mmoja alichagua ya simu kali, mmoja ya simu ya kati, wa tatu akauliza bei ya dera. Akachukua simu ya kati, taa ile ya duara ya kupigia picha na kitambaa cheupe cha kuweka nyuma. Hela iliyobaki akaenda nayo kufuata mzigo. Faida yangu siku hiyo ilikuwa ndogo, lakini protekta na chaji ananunua kwangu mpaka leo, na wenzake anawaleta.

HESABU YA 4: SIMU IMEBAKIZA MIAKA MINGAPI?

Simu haifi siku kioo kikipasuka tu. Inakufa pia siku WhatsApp ikigoma kufunguka. Mfano iPhone 6 ya mwaka 2014: Apple waliishia kuipa iOS 12, na WhatsApp sasa inataka iOS 15.1 kwenda juu. Simu inawaka vizuri, lakini kwa mfanyabiashara wa mtandaoni duka limefungwa.

Hapa simu kali ina hoja ya nguvu. Galaxy S24 zilipotoka Januari 2024, Samsung waliahidi kuziletea masasisho kwa miaka 7, yaani mpaka 2031. Ahadi hiyo inaweza kusaidia hata bei yake ya mkononi isiporomoke haraka.

Hii inatupeleka kwenye njia ya tatu ambayo wengi wanaisahau: simu iliyokuwa kali miaka miwili au mitatu iliyopita. Mwenzako ameshabeba hasara ile ya mwanzo, wewe unachukua kamera nzuri kwa bei ya chini. Ila hesabu miaka iliyobaki. Galaxy S22 za mwaka 2022 ziliahidiwa masasisho ya usalama ya miaka 5, kwa hiyo ahadi inaishia 2027. Usilipe bei ya miaka mitano kwa simu yenye mmoja.

Na weka akiba ya kioo. Kioo cha simu ya daraja la juu peke yake kinaweza kufika bei ya simu nzima ya kawaida. Kama ikidondoka leo huna hela ya kioo, ujue simu hiyo bado haijafika saizi yako.

KAMA UMEAMUA KUNUNUA ILIYOTUMIKA, KAGUA HIVI

1. Bonyeza *#06#. Namba ya IMEI ifanane na ya kwenye boksi. Kwa Tanzania itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama ni ya simu hiyohiyo. Simu zenye IMEI bandia TCRA walishaanza kuzizima tangu Juni 2016, sio hadithi.

2. iPhone: hakikisha akaunti ya mwenye nayo wa zamani imetolewa kabisa, mbele ya macho yako. Ifute yote, iwashe upya kama mpya. Ikidai nenosiri la mtu mwingine, rudisha mezani.

3. Kuanzia iPhone 14, zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina sehemu ya kuweka laini, zinatumia eSIM tu. Namba ya modeli yake inaishia na LL/A. Waulize kwanza watu wa mtandao wako, hasa kama laini yako ndiyo inapokea malipo.

4. Weka laini yako mwenyewe upige simu palepale. Kuna simu zimefungwa kwa mtandao mmoja wa nje.

5. Angalia afya ya betri. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa kamili mara 500. Ikiwa chini ya 80, toa gharama ya betri kwenye bei.

6. Rekodi video dakika tano mfululizo. Ikichemka na kugoma hapo dukani, mbele ya wateja wako laivu itafanya hivyohivyo.

NENO KUHUSU SIMU ZA MKOPO

Usiangalie "elfu 2 tu kwa siku". Jumlisha. Mfano, simu ya laki 6 taslimu: kianzio 120,000, halafu 2,000 kwa siku 365 ni 730,000. Jumla 850,000. Umeongeza laki 2 na nusu. Na nyingi ukichelewesha rejesho inajifunga. Kwa mwanafunzi ni usumbufu, kwako wewe oda zimo humo ndani. Kukopa kausha damu ili ununue simu kali ndiyo usijaribu kabisa.

KWA HIYO, NANI ANUNUE?

Nunua kama mzigo wako umejaa na bado hela imebaki, na kazi yako ni video au mwanga hafifu. Kuna mpika keki mteja wangu, keki zake zinapigwa video ukumbini usiku, na wateja wanaagiza kwa kuona video. Huyo nilimwambia achukue kali bila kusita, na hesabu ya kwanza ilikaa vizuri: oda moja ya ziada kwa mwezi inatosha.

Usinunue kama ili uilipie inabidi mzigo upungue, au jaribio la picha limeonyesha watu hawaoni tofauti. Futa lenzi kwa kitambaa safi, sogea dirishani, tandika kitambaa cheupe, uanze kuuza na ulichonacho.

Na kama unaitaka kwa sababu unaipenda tu, hakuna dhambi. Ila inunue kwa faida uliyojilipa wewe, usiguse mtaji.

Kazi ya leo: andika kwenye maoni unauza nini na faida yako kwa kipande kimoja ni shilingi ngapi. Nitakusaidia kupiga hesabu ya pili, bure. Na kama kuna mwenzako wiki hii anaenda kununua simu, mtumie somo hili kabla hajapanda daladala.