Somo la Robo Hii: Kichocho, Saratani ya Kibofu na Masomo ya Daktari

Wapendwa wanakamati na wafadhili, baadhi yenu mmetuuliza kwa nini kumsomesha bingwa mmoja wa njia ya mkojo kunachukua miaka mingi hivyo. Swali ni la haki.

Kijana wa Mji Mkongwe husoma udaktari miaka mitano, hufanya mazoezi ya kazi mwaka mmoja, kisha huvuka bahari kwenda Muhimbili, au KCMC ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, kwa miaka mingine mitatu au minne. Huko hujifunza kutazama ndani ya kibofu kwa darubini nyembamba, na kupasua. (Picha za upasuaji ndizo zinazopendeza kwenye kalenda zetu.)

Lakini saratani hii ilieleweka kwa utafiti wa polepole. Mwaka 1851, mjini Cairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aligundua mnyoo wa kichocho. Mwaka 1911, mjini humo humo, Ferguson aliandika juu ya wagonjwa 40 wa saratani ya kibofu, akaihusisha na mnyoo huo. Ikafika mwaka 1994 ndipo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipoutaja rasmi kuwa chanzo cha saratani. Mayai yake hunasa katika ukuta wa kibofu, kidonda hudumu miaka na miaka, na mwishowe chembe za mwili huharibika. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo. Saratani iliyokwisha kuanza haiiponyi.

Kwa hiyo mtafiti wa ugonjwa huu hawezi kubaki chumba cha upasuaji. Hana budi kufika Chaani na Kinyasini, kwenye vijito wanakooga watoto na wanakoishi konokono wabebao vimelea. Kati ya mwaka 2012 na 2017 Zanzibar iligawa dawa mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia ikaua konokono au kuwafundisha watoto shuleni. Maambukizi yalishuka sana, ila hayakwisha kila mahali.

Sisi wenyewe tuliwahi kuambiwa kwamba mvulana kukojoa damu ni dalili ya kukua, tukanyamaza. Tunawaomba wanakamati msinyamaze. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya, mkojo upimwe. Mtu mzima anayekojoa damu, hata asiposikia maumivu, asitosheke na vidonge. Aombe barua ya kwenda Mnazi Mmoja, na kamati imsaidie nauli.