Weka Jiwe Uendapo, Liondoe Urudipo

Vijia vingi vya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, vilifunguliwa na miguu ya wenyeji waendao shambani, mtoni au kutafuta kuni. Havina vibao. Ukitembea katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, mahali pa kujihadhari zaidi ni penye njia panda. Hapo mawe machache yanaweza kukuonyesha njia ya kurudi.

Kabla ya kuingia

Jiandikishe kwa wahifadhi, lipa kiingilio na uulize kama wanaruhusu kuweka alama. Kwa safari ndefu, chukua mwongozaji wa pale pale. Beba maji, tochi, filimbi na koti la mvua. Pakua ramani kwenye simu mapema, kwani mtandao hukatika mabondeni. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia huteleza na vijito hujaa.

Panga saa ya kugeuka na kurudi. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, lakini chini ya miti mikubwa giza hutangulia.

Kuweka alama

Weka alama kwenye njia panda tu, zikizidi zitakuchanganya. Tumia mawe matatu: bapa chini, dogo juu yake, na la tatu pembeni, upande uliotokea. Yaweke ukingoni mwa njia, mbali na mkondo wa maji ya mvua, juu ya udongo ulio wazi, maana majani yakianguka hulifunika jiwe upesi.

Kisha geuka nyuma uitazame njia kama utakavyoiona wakati wa kurudi. Piga picha na uandike saa.

Chukua mawe yaliyolegea njiani. Yageuze kwanza kwa fimbo, kwani nge na tandu hupenda kujificha chini yake. Usifukue yaliyozama ardhini wala usitoe ya kijitoni. Hayo ni makazi ya vyura, kaa na wadudu. Usichanje magome ya miti wala kufunga vipande vya plastiki.

Ukiona alama ya mwingine

Usiifuate kwa kuiamini tu. Huenda aliyeiweka alikuwa akielekea kwingine, au naye alikuwa amepotea. Usiibomoe pia, kwani huenda bado yumo msituni na anaitegemea.

Ukipotea

Simama. Rudi kwenye alama yako ya mwisho ikiwa tu una hakika na njia. Ukungu ukishuka, au usipoikumbuka njia, kaa ulipo. Usifuate kijito kwenda chini ukidhani kitakufikisha kijijini. Milima hii ina maporomoko. Piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha rudia. Kama simu inashika mtandao, piga 112.

Wakati wa kurudi

Tawanya kila alama yako unapoipita na urudishe mawe ulikoyatoa. Jiwe lililokuongoza leo litampoteza mwenzako kesho, kwa sababu hajui ulikuwa ukienda wapi. Ukifika langoni, waarifu wahifadhi kwamba umetoka, wasije wakakutafuta usiku ilhali umelala nyumbani.