Chumvi, Muhogo na Homoni za Mwanamke wa Uha

Mwanamke wa Kasulu au Kibondo akisikia habari za homoni, mara nyingi anazisikia kwa muuza dawa. Kuna unga wa majani wa "kurekebisha homoni", kuna vidonge vya "kusafisha kizazi", kuna chai ya kupunguza tumbo. Tangazo huja kwa simu au kwa kipaza sauti siku ya gulio, na bei ya kopo moja ingenunua maharage ya kutosha nyumba nzima kwa siku nyingi. Nataka tuziweke dawa hizo pembeni, tutazame chombo cha chumvi, ndoo ya kulowekea muhogo na sufuria ya mboga. Katika nyanda hizi za juu za Kigoma, yaani Uha, homoni iliyo rahisi kuyumbishwa na chakula hutoka kwenye tezi iliyo mbele ya shingo, chini ya koromeo, nayo kopo la muuza dawa haliisaidii.

Tezi hiyo ni thairoidi. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili utumie chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, utumbo usukume chakula kwa mwendo gani. Zikipungua, mama huhisi baridi wenzake wakiwa na joto, huchoka bila kazi kubwa, hunenepa bila kula zaidi, nywele hukatika, choo huwa kigumu. Hedhi nayo huvurugika: huja nzito, huchelewa, au hukatika kabisa. Tezi inapolegea, ubongo huongeza amri ya kuiamsha, na amri hiyo hupandisha pia prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ambayo huzuia yai kupevuka. Ndiyo maana mwanamke aliyetafuta mtoto kwa muda mrefu anastahili kupimwa tezi hii kabla ya kuambiwa kwamba amerogwa au kwamba kizazi chake kina uchafu. Wanawake hupata matatizo ya thairoidi mara kadhaa zaidi kuliko wanaume.

Ili itengeneze homoni zake, tezi hiyo inahitaji iodini, ambayo wahudumu wetu wa afya huiita madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wanahitaji 250. Ni kiasi kidogo mno: mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70 hayafiki gramu 5. Lakini kikikosekana, tezi huvimba ikijaribu kunasa kila chembe inayopita, na hapo ndipo rovu hutokea. Kwa mjamzito madhara ni makubwa zaidi ya uvimbe. Mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kuzaliwa mfu, au akazaliwa na ubongo uliodumaa. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto hana homoni za thairoidi za kwake, anategemea za mama peke yake, na wengi wetu katika miezi hiyo hatujafika kliniki hata mara moja. Kwa hiyo madini joto yanapaswa kuwa mwilini kabla ya mimba kuingia.

Kwa nini Uha ikose madini hayo? Iodini ni mali ya bahari. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na kama kilomita 1,000 kutoka pwani, na mvua za miaka na miaka zimeosha udongo wa milima. Mahindi na maharage yanayoota kwenye udongo usio na iodini hayawezi kuwa nayo. Dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika ni chakula kizuri sana, nitawarudia, lakini ni samaki wa maji baridi. Wasitegemewe kwa madini joto kama samaki wa bahari.

Linabaki jambo la chumvi. Mkoa wetu una chumvi yake tangu enzi. Pale Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi, watu wamekuwa wakichemsha maji hayo kwa zaidi ya miaka 1,000, na wafanyabiashara wakaisafirisha Uha na Burundi. Lakini chumvi inayotoka ardhini au kwenye chemchemi, nyeupe au ya kijivu, haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe. Katika miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini kwenye wilaya zilizokuwa na rovu kwa wingi, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula itiwe madini joto. Rovu ilipungua sana nchini. Ni moja ya kazi kubwa za afya zilizowahi kufanywa Tanzania, na kila mama anayenunua chumvi ya mawe isiyo na nembo, ikipimwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lililo wazi, anaipoteza kazi hiyo nyumbani kwake bila kujua.

Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Ukifika nyumbani, imimine kwenye chombo chenye mfuniko, ukiweke mbali na jua, mvuke na moshi wa mafiga, kwa sababu unyevu na joto huyapoteza madini hayo taratibu. Usiioshe chumvi hata ukiona ina vumbi. Tia chumvi mboga inapokaribia kuiva, si wakati wa kuinjika. Na usiongeze chumvi ukidhani unaongeza dawa. Kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5 kwa mtu kwa siku nzima, ndicho kikomo, maana presha nayo inawaua wanawake.

Sasa muhogo. Sisemi uachwe, umeokoa nyumba nyingi mahindi yalipokauka. Lakini muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sayanaidi. Ikiingia mwilini kwa kiasi kidogo haiui. Mwili huigeuza kuwa thayosayaneti na kuitoa kwa mkojo. Tatizo ni kwamba thayosayaneti, kabla haijatoka, hugombania na iodini mlango wa kuingilia kwenye thairoidi. Penye iodini ya kutosha, tezi hushinda. Penye uhaba, tezi hushindwa. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ng'ambo ya Burundi kutoka kwetu, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta pande mbili za kisiwa zote zikiwa na upungufu wa iodini, lakini kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu na kusini-magharibi walikuwa wachache. Walipofuatilia chakula, muhogo ukawa moja ya sababu kuu za tofauti hiyo.

Dawa yake ni maji na subira. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu kamili mpaka ulainike, maji yake yamwagwe, kisha uanikwe ukauke vizuri ndipo utwangwe au usagwe. Njaa ikibisha hodi siku hupunguzwa: tatu zinakuwa mbili, mbili zinakuwa moja. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, watu walipunguza siku za kuandaa muhogo mchungu na ukazuka ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla. Kama umenunua unga na hujui ulivyoandaliwa, uchanganye na maji uwe rojo zito, utandaze uwe tabaka jembamba kwenye sinia au mkeka safi, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu pika ugali siku hiyohiyo. Sumu nyingi hutoka na kupotelea hewani. Kisamvu nacho kitwangwe kisawasawa, kichemshwe kwa muda mrefu bila mfuniko. Na ugali wa muhogo usiliwe na mchuzi wa mawese peke yake, kwa sababu mwili unahitaji salfa kutoka kwenye protini ili uivunje ile sayanaidi, na salfa hiyo imo kwenye maharage, dagaa, karanga na mayai.

Kuna kitu kingine ambacho bila hicho thairoidi haiwezi kufanya kazi, nacho ni madini ya chuma. Kimeng'enya kinachoitumia iodini kutengeneza homoni kinategemea chuma. Huko Côte d'Ivoire watoto wenye rovu waliopungukiwa damu walipopewa iodini, uvimbe ulipungua kidogo kuliko kwa wenzao wenye damu ya kutosha. Mwanamke hupoteza chuma kila hedhi na kila uzazi, na akiwa na minyoo ya safura, inayoingia kupitia ngozi ya miguu peku shambani, hupoteza damu kila siku kupitia utumbo wake. Hapo tumbo na homoni vinakutana waziwazi. Choo safi, viatu shambani na dawa ya minyoo inayotolewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba ni matibabu ya homoni pia.

Vidonge vya fefo, vile vya kuongeza chuma mwilini, vinyweni. Vinafanya choo kiwe cheusi na wakati mwingine huchefua. Hizo si dosari, na ukivimeza baada ya chakula kichefuchefu hupungua. Lakini usivimeze pamoja na chai ya rangi, wala usinywe chai hiyo ukiwa unakula mboga za majani. Majani ya chai hufunga chuma kisifyonzwe. Subiri saa moja au mbili, na badala yake kamulia limau au kula embe na chungwa. Ule udongo wa kula uitwao pemba, ambao wajawazito wengi huutamani, nao huzuia chuma na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba damu tayari imepungua, kwa hiyo anayeisikia apimwe damu badala ya kuaibishwa. Msimu wa kumbikumbi ukifika, waleni. Wana chuma, zinki na mafuta mazuri.

Nije kwa estrojeni, homoni ambayo wengi huifikiria wanaposema "homoni za kike". Mwili ukishaitumia, ini huifunga na kuitupa kwenye nyongo, nayo hushuka utumbo mpana ili itoke na choo. Utumbo una bakteria wengi sana, na baadhi yao wana vimeng'enya vya kuifungua estrojeni hiyo ikarudi kwenye damu. Choo kikikaa siku nyingi tumboni, kurudi huko huongezeka. Nyuzinyuzi za chakula huharakisha choo na kulisha bakteria wa aina nyingi, na wanawake wanaokula nyuzinyuzi nyingi wameonekana kutoa estrojeni nyingi zaidi kwa choo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940, ndiye aliyeufanya ulimwengu uheshimu maharage, dona na viazi vya wakulima wa Afrika Mashariki. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza utumbo wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walikuta bakteria wa aina nyingi kuliko kwa Waitaliano wa mjini.

Maharage na dona, basi, si chakula cha kuonea aibu. Sembe nyeupe, soda na maandazi ya kila asubuhi hupandisha insulini, na insulini ikikaa juu huzisukuma ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Ndevu, chunusi na hedhi inayopotea miezi kadhaa vinaweza kuanzia hapo. Dagaa aliwe na mifupa yake: kwa mwanamke aliyekoma hedhi, estrojeni imeshuka na mifupa inapoteza kalsiamu. Na usinunue antibayotiki dukani kwa kila kuhara, zinaua bakteria unaowahitaji.

Kwa walio kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, mgao wa chakula unapopunguzwa cha kwanza kuuzwa kisiwe chumvi wala mafuta ya mgao, kwa sababu chumvi ile hutiwa madini joto na mafuta yale hutiwa vitamini A.

Chakula hakitibu kila kitu. Uvimbe shingoni, kumeza kwa shida, moyo kwenda mbio na kukonda huku ukila, kukosa hedhi miezi mitatu bila mimba, damu inayojaza pedi kila saa, au damu yoyote baada ya hedhi kukoma: nenda kituo cha afya, useme wazi dalili zote, na uulize kama unahitaji kipimo cha thairoidi. Pengine utapewa rufaa hospitali ya wilaya au ile ya mkoa, Maweni. Ukiandikiwa vidonge vya homoni ya thairoidi, vimeze asubuhi kwa maji matupu kabla ya kula, na fefo uisogeze mbele angalau masaa manne, maana vikikutana tumboni chuma huizuia homoni isifyonzwe.