SOMO LA AFYA: Nani Humlipia Mwanafunzi wa Udaktari Anapokuja Kijijini?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mwanafunzi wa udaktari anayeshuka kwenye basi dogo katika senta ya kata akiwa na begi moja na koti jeupe, methali hiyo ina maana ya moja kwa moja: amekuja kujifunza kuponya, na wenyeji wake ndio wagonjwa. Hata hivyo, kabla hajamwona mgonjwa wa kwanza, anayo maswali matatu. Atalala wapi? Atakula nini? Nani atamsimamia kazini?

Majibu ya maswali hayo yanahitaji fedha, na jinsi fedha hizo zinavyopatikana au kukosekana kunamgusa mkazi wa Misungwi kuliko anavyodhani. Somo hili linaeleza zinatoka wapi, zinapungua wapi, na sehemu ipi ya pengo hilo inaweza kuzibwa na kata yenyewe.

Makoti yanayofanana, watu tofauti

Mgonjwa akiona koti jeupe humwita kila alivaaye "daktari". Ni vema kutofautisha.

Wa kwanza ni mwanafunzi. Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, na sehemu yake hufanyika wodini na katika jamii kwa mafunzo ya vitendo. Mwanafunzi halipwi mshahara. Hufanya kazi chini ya msimamizi, na mgonjwa ana haki ya kumuuliza yeye ni nani na kuamua kama anakubali kuhudumiwa naye.

Wa pili ni mtarajali. Huyu amehitimu chuo na yumo katika mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi, akipewa posho, kabla ya kupata usajili kamili.

Wa tatu ni mtumishi aliyeajiriwa, ambaye mshahara wake umo katika bajeti ya mwajiri wake.

Somo hili linamhusu wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayekuja kijijini bila mshahara wala posho ya kazi.

Kwa nini aletwe kijijini?

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu namna ya kuwapata na kuwabakiza watumishi wa afya vijijini. Mwongozo huo ulionesha kwamba takribani nusu ya watu wote duniani huishi vijijini, lakini maeneo hayo yalikuwa na asilimia 38 tu ya wauguzi, na chini ya robo ya madaktari. Miongoni mwa mapendekezo yake, ambayo yalihuishwa mwaka 2021, yamo haya matatu: vyuo vidahili vijana waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi huko, wanafunzi wapelekwe vijijini wakiwa bado masomoni, na watakaofadhiliwa wafungamane kwa mkataba wa kutumikia maeneo hayo baada ya kuhitimu.

Mambo hayo matatu yanategemeana. Kijana aliyekulia Mbarika au Koromije ndiye ambaye mwongozo huo unamtazamia arudi. Lakini mara nyingi ndiye pia ambaye wazazi wake hawana cha kumwongezea pale mkopo unapopungua. Mafunzo ya vijijini yakimgharimu kuliko alicho nacho, atatafuta nafasi mjini kwa ndugu atakayempa kitanda. Hivyo kijiji kinampoteza mtu yule yule ambacho kingempata kwa urahisi kuliko wengine.

Fedha hutoka wapi?

Chanzo kikuu ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mkopo wake hugawanywa katika vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Kwa miaka mingi miongozo ya Bodi imeweka kipengele hicho cha mwisho kuwa kisichozidi Sh 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56 kwa mwaka. Viwango hupangwa upya katika mwongozo wa kila mwaka wa masomo, kwa hiyo mzazi na mwanafunzi wanapaswa kuusoma mwongozo wa mwaka wao. Aidha, si kila mkopaji hupangiwa kiwango cha juu. Uhitaji wake hupimwa kwanza.

Chanzo cha pili ni ufadhili usiorejeshwa. Mfano ni Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wahitimu wa kidato cha sita waliofaulu kwa kiwango cha juu zaidi katika masomo ya sayansi na kuchagua fani za sayansi, uhandisi, teknolojia na tiba.

Kwa ngazi ya stashahada, ambako hutoka matabibu na wauguzi wengi wa zahanati zetu, mikopo ya Bodi ilianza kutolewa mwaka 2023/24 kwa fani za kipaumbele, na sayansi za afya zimo.

Mzazi aelewe kwamba mkopo ni deni. Mnufaika akishaajiriwa katika sekta rasmi, mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi na kuipeleka Bodi. Kwa maneno mengine, siku 56 alizokaa kijijini akijifunza, mwanafunzi mwenye mkopo huja kuzilipia mwenyewe.

Hesabu ya wiki nane

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayekaa wiki nane katika kituo cha afya, akitegemea fedha ya mafunzo kwa vitendo pekee. Matumizi yafuatayo ni ya kukadiria, na kila mkazi anaweza kuweka bei za kata yake.

Akipewa kiwango cha juu: siku 56 kwa Sh 10,000 ni Sh 560,000.

Chakula, Sh 6,000 kwa siku: Sh 336,000.
Chumba cha kupanga, miezi miwili: Sh 100,000.
Bodaboda kati ya chumba na kituo, Sh 2,000 kwa siku 48 za kazi: Sh 96,000.
Godoro, ndoo, taa na vyombo: Sh 80,000.
Nauli ya kutoka chuoni na kurudi: Sh 40,000.
Jumla: Sh 652,000.

Anapungukiwa Sh 92,000. Aliyepangiwa asilimia 60 ya kipengele hicho hupata Sh 336,000, yaani chakula peke yake. Chumba, usafiri na nauli vyote hubaki juu ya familia yake.

Sasa tuiangalie hesabu hiyo upya, safari hii kituo kikiwa na chumba chenye kitanda, godoro na taa ndani ya eneo lake. Kodi, bodaboda na vyombo vinaondoka, jumla Sh 276,000. Matumizi yanashuka hadi Sh 376,000. Mwenye kiwango cha juu anabaki na akiba, na mwenye asilimia 60 anapungukiwa Sh 40,000, ambazo ni nauli tu. Chumba kimoja kimefanya kazi kubwa kuliko nyongeza yoyote ya mkopo ambayo familia ingeweza kuiomba, na kitampokea mwanafunzi wa mwaka huu, wa mwaka ujao, na wengine watakaofuata.

Funzo kutoka ng'ambo ya pili ya Kigongo

Mfano wa karibu upo Sengerema, ambako tangu Juni 2025 mkazi wa Misungwi hufika kwa kupita Daraja la J. P. Magufuli badala ya kusubiri kivuko.

Chuo cha tiba kilichopo Bugando, leo Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, kilianza mwaka 2003 na wanafunzi 10 wa udaktari. Kadiri idadi ilivyoongezeka, hospitali moja ya rufaa isingetosha kuwafundisha wote, na isingewaonesha maisha ya hospitali ya wilaya. Shirika la Touch Foundation, lililoanzishwa mwaka 2004 kukisaidia chuo hicho, lilibuni mpango wa Treat & Train kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Marekani, USAID. Wanafunzi walipelekwa kwa zamu katika hospitali za Kanda ya Ziwa, na Hospitali Teule ya Sengerema ilikuwa ya mwanzo kabisa kupokea.

Jambo la kujifunza ni mahali fedha zilipoelekezwa. Mpango ulilenga kuijenga hospitali inayopokea iweze kutibu na kufundisha kwa pamoja. Mgonjwa ambaye hakuwa na mwanafunzi yeyote katika ukoo wake alinufaika naye, kwa sababu hospitali yenye uwezo wa kufundisha huwa pia na uwezo wa kutibu.

Lipo na funzo la pili. Julai 2025 USAID ilisitisha rasmi kazi zake za misaada katika nchi za nje. Fedha ya mfadhili ina mwisho, na siku ya mwisho huo haipangwi na anayepokea. Kinachobaki ni majengo, ujuzi wa wasimamizi na utaratibu ambao wenyeji wameuzoea.

Waliolipa wenyewe

Japani ilianzisha Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi mwaka 1972. Serikali za mikoa ndizo humlipia mwanafunzi ada. Naye, akihitimu, huitumikia mikoa hiyo kwa takribani miaka tisa, ikiwemo katika maeneo ya pembezoni. Akikataa, hurejesha fedha.

Afrika Kusini, katika eneo la Ingwavuma jimboni KwaZulu-Natal, Hospitali ya Mosvold ilikuwa haipati watumishi wa kudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa mpango wa kuwasomesha vijana wa eneo hilo hilo. Mwanafunzi alitakiwa kufanya kazi wiki nne za likizo kila mwaka katika hospitali ya kwao, na baada ya kuhitimu kuitumikia mwaka mmoja kwa kila mwaka aliofadhiliwa. Wagonjwa walimfahamu kabla hajawa daktari, naye aliijua hospitali kabla hajaajiriwa.

Sehemu ya mkazi

Kata haiwezi kulipa ada ya udaktari. Hata hivyo, yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wake, na njia za kuyafikia zipo tayari.

Kwanza, mipango. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na vipaumbele vya maendeleo huanzia huko. Kijiji kinapoomba au kuchangia ujenzi wa nyumba ya mtumishi, kinaweza kupendekeza chumba kimoja cha ziada kwa ajili ya wanaojifunza.

Pili, usimamizi. Tangu mwaka 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi wa kituo ina wawakilishi wa wananchi. Mkazi amjue mwakilishi wake na amuulize: kituo kina msimamizi mwenye sifa na nafasi ya kufundisha? Mwanafunzi asiye na msimamizi ni hatari kwa mgonjwa, na asiachwe peke yake kuziba pengo la watumishi.

Tatu, mapokezi. Mwenye chumba anaweza kutoza kodi ya haki badala ya kumpandishia mgeni bei. Mgonjwa anayekubali mwanafunzi asikilize mapigo ya moyo wake anachangia elimu ya daktari, ilimradi ameombwa kwa heshima na amekubali kwa hiari.

Nne, watoto wetu. Kijana wa kata anayefanya vizuri katika fizikia, kemia na baiolojia aelezwe mapema kuhusu mkopo na ufadhili, na asaidiwe kupata nyaraka za maombi, kama vile cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, kabla ya dirisha kufungwa.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Mwanafunzi akiletwa katika kituo chetu wiki ijayo, atalala wapi?
2. Kwa bei za kata yetu, wiki nane zitamgharimu kiasi gani, na atapungukiwa wapi?
3. Nani katika kituo chetu ana sifa na muda wa kumsimamia?
4. Ni vijana wangapi wa kata yetu wanasoma fani za afya, na wangapi kati yao wamewahi kufanya mafunzo hapa nyumbani?

Wakazi watakaoandika majibu yao wayapeleke kwa Afisa Mtendaji wa Kata na kwa Mganga Mfawidhi wa kituo kabla ya mipango ya bajeti kuanza. Mgeni atakuja, nafuu ya mwenyeji itategemea jinsi alivyojiandaa kumpokea.