Gari la Kulala kwa Barabara za Simiyu: Anza na Injini na Giaboksi, Kitanda Baadaye

Kila anayechungulia ndani ya Hiace yangu huuliza habari za kitanda, jiko na taa za sola. Ndivyo vinavyoonekana. Lakini gari la kulala huharibiwa na vitu viwili vilivyojificha chini ya sakafu: injini ndogo iliyotwishwa nyumba, na giaboksi ya oto inayoungua kwa joto. Mimi naishi Bariadi, nauza vitenge na nguo za watoto kwenye minada ya mkoa huu, na usiku wa mnada nalala garini. Haya ninayoandika ndiyo ninayomwambia kila mwenzangu anayetaka kujenga la kwake.

Ulaya kazi hii hufanywa na viwanda. Nyumba nyingi za magurudumu za kule hujengwa juu ya Fiat Ducato, na gari hilo lilianza kupata oto kamili ya gia 9 mwaka 2019. Kabla ya hapo oto yake ilikuwa giaboksi ya manyuo, ila klachi inakanyagwa na mtambo badala ya mguu. Sisi huku tuna Hiace na Noah zilizotoka Japani zikiwa zimetumika, na za oto nyingi ni za gia 4. Noah ya zamani inamtosha mtu mmoja mwenye godoro na begi. Ukishaanza kuweka kabati, tenki la maji na mtungi wa gesi, nenda kwenye Hiace.

Hiace ipi? Usidanganywe na nguvu za farasi. Chukua mbili zinazopatikana sana: ya petroli ya cc 1,998, injini ya 1TR, na ya dizeli yenye tabo ya cc 2,982, injini ya 1KD. Kwenye karatasi nguvu zao za farasi zinakaribiana mno. Tofauti iko kwenye nguvu ya kuvuta. Ile ya petroli inafikia kilele cha Nm 182 ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, yaani mpaka injini ipige kelele. Ile ya dizeli inatoa Nm 300 ikiwa bado chini ya mizunguko 2,000. Gari lililobeba nyumba linaondoka, linapanda na kuchomoka kwenye tope kwa mizunguko ya chini. Huko ndiko unakohitaji msaada.

Kuna na suala la mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu yake kwa kila mita 100 unazopanda. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi imeshaondoka kabla hujapakia hata sufuria. Injini yenye tabo haiumii hivyo, kwa sababu tabo inashindilia hewa ndani. Ukipenda petroli kwa sababu ya urahisi wa matengenezo, basi tafuta ya cc 2,693, injini ya 2TR, uachane na ya cc 1,998. Na ukichukua dizeli, nunua mafuta kwenye kituo unachokiamini. Nozeli za 1KD hazivumilii dizeli chafu ya madumu, na bei ya nozeli mpya inaumiza.

Sasa giaboksi. Mafundi wengi mtaani watakuambia chukua manyuo, na wana hoja: sahani ya klachi unabadilisha hapahapa mjini, lakini oto ikifa mara nyingi utaipeleka Mwanza. Hata hivyo mimi nasimama na oto. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukinywa maji, hasa ukishapita Itilima kwenda Meatu, gari zito la manyuo linaunguza klachi kwa kule kuachia na kukanyaga. Oto inavuta taratibu bila kukatiza, tairi halipigi resi hovyo, na dereva anabaki na akili ya kuangalia njia.

Sharti ni kuilinda na joto. Kati ya injini na giaboksi ya oto kuna toki konveta: feni moja inasukuma mafuta, na mafuta yanazungusha feni ya pili. Injini ikilemewa, feni hizo zinapishana kwa muda mrefu, na nguvu yote inayopotea pale inageuka joto. Ndiyo maana uzito na injini na giaboksi ni habari moja. Seremala akikuwekea kitanda cha mninga, kizuri cha kurithisha, ujue unaibebesha giaboksi mbao nzito kila siku. Mimi nilitaka plaiwudi na mabomba mepesi ya mraba. Maji lita 100 ni kilo 100, basi jaza tenki karibu na unakokwenda. Kisha pima gari zima. Msimu wa pamba jineri zetu zina mizani ya malori. Omba kwa adabu wakati hakuna foleni, utajua uzito wako halisi na utaulinganisha na ule ulioandikwa kwenye kadi ya gari.

Mafuta ya giaboksi, yale mekundu ambayo mafundi huyaita haidroliki, yapime mwenyewe. Endesha mpaka gari lipate moto, simama pahali tambarare, acha injini inaunguruma, gia ikiwa P. Inua kiti cha mbele, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Dondoshea tone kwenye tishu nyeupe. Likitandaa jekundu au la waridi angavu, uko salama. Likiwa la kahawia lenye harufu ya kuungua, joto limeshafanya kazi yake. Likiwa la waridi zito kama maziwa yaliyotiwa rangi, zima gari hapohapo: maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi, kwa sababu bomba la kupozea mafuta hayo linapita ndani ya rejeta. Aina ya mafuta mara nyingi imeandikwa kwenye kijiti chenyewe. Ukikuta T-IV, weka T-IV. Usikubali kuwekewa chochote chekundu kilichopo dukani.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kufunga kipoza mafuta cha nje, mbele ya rejeta. Kinapatikana kwenye spea za mtumba na fundi mzuri hamalizi siku. Lakini kisafishe. Malori ya pamba yakianza kutembea, nyuzi zinapeperuka barabarani na kunasa kwenye mapezi ya rejeta, vumbi linazishika, na baada ya muda mfupi una blanketi mbele ya injini. Puliza kwa upepo wa kompresa kutoka upande wa injini kwenda nje.

Kwenye lami, kutoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi, acha gari lifanye kazi lenyewe. Ukienda mbali, kwa mfano ukipanda Sekenke kuelekea Singida, zima swichi ya O/D (gia ya 4) mapema kabla gari halijaanza kuhangaika kati ya gia ya 3 na ya 4. Kule kubadilishabadilisha ndiko kunakochemsha mafuta. Kushuka, weka 2, injini ishike gari, breki zipumzike. Kwenye tope weka L, kanyaga kidogo. Ukinasa, usicheze D na R kwa dakika nyingi ukitarajia litachomoka. Shuka, chimba, weka matawi.

Na likizima kabisa, usikubali trekta likukokote magurudumu yote yakiwa chini. Pampu ya giaboksi ya oto inaendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, vyuma vinazunguka bila mafuta kuzunguka. Fungua propela shafti kwanza. Boliti ni chache, na spana yake ikae garini wakati wote.

Kama unataka kununua mwezi huu, nenda sokoni na tishu nyeupe mfukoni. Muuzaji asiyetaka uchomoe kijiti gari likiwa la moto, mshukuru na uondoke.